Sarafu Ngeni Kwenye Chenji Ina Kwao

Ukipanda matatu Likoni kwenda Ukunda na ukatoa noti ya shilingi mia mbili, usiitie chenji mfukoni kabla hujaitazama. Huenda umerudishiwa tano yenye uso wa Daniel arap Moi, kumi yenye uso wa Mzee Jomo Kenyatta na ishirini yenye tembo. Ukibahatika zaidi utaikuta na ile ya shilingi 40 yenye uso wa Mwai Kibaki. Zote ni pesa za Kenya na zote zinanunua mahamri na mbaazi, ila zimetoka kwenye zama nne za nchi moja, na kila zama ilikuwa na neno lake kuhusu nani anastahili kukaa kwenye pesa ya wananchi.

Mzee Kenyatta alianza kuonekana mwaka 1966, Kenya ilipotoa sarafu zake yenyewe. Moi akaingia mwaka 1980 na hakutoka muda wote wa utawala wake. Kibaki alipigiwa sarafu hiyo moja tu, mwaka 2003, kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Mwaka 2005 uso wa Kenyatta ukarudishwa. Kisha ikaja katiba ya mwaka 2010, na katika ibara ya 231 Wakenya wakaandika kwamba noti na sarafu zao hazitakuwa na picha ya mtu yeyote. Ilichukua miaka minane sarafu za namna hiyo kutoka: Desemba 2018 alizinduliwa twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na tembo kwenye ishirini. Zile za zamani ziliachwa zizunguke pamoja na mpya, na ndiyo maana konda wa Likoni anaweza kukuwekea kiganjani mabishano ya nusu karne bila yeye wala wewe kukusudia.

Kwetu Tanga chenji huja na wageni wengine. Mpaka wa Horohoro hauko mbali na mabasi ya Mombasa yanapita mjini, kwa hiyo si ajabu kuikuta ishirini ya Kenya imejichanganya na mia mbili zetu ndani ya mkoba wa muuza machungwa. Anayerudishiwa sarafu hiyo hujiona kapunjwa. Kwa hesabu ya miaka hii ya karibuni, shilingi moja ya Kenya inakaribia shilingi 20 za Tanzania, maana yake ishirini ile ni kama mia nne za kwetu. Kwa thamani amefaidika, kama angepata pa kuitumia. Shida ni kwamba maduka ya kubadilisha fedha yanataka noti, hayataki sarafu. Sarafu ikishavuka mpaka hukwama. Itazunguka siku kadhaa kwa wasiotazama, halafu itaishia kwenye droo, kwenye kikapu cha sadaka au kwa watoto wa kuchezea.

Unguja hali ni hiyohiyo kwa mlango mwingine. Watu wana ndugu Muscat na Dubai, watu wanakwenda na kurudi, na mifuko yao inarudi na baisa za Oman na dirham ya Imarati yenye picha ya dele la kahawa. Ukiangalia vizuri, hakuna jambo jipya hapo. Pwani hii haijawahi kuwa na pesa ya aina moja tu. Kabla ya wakoloni, hesabu ya biashara kubwa Unguja ilifanywa kwa reale yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, pamoja na rupia za India, na Sultani Barghash alipotaka kutoa pesa yake mwenyewe mwaka 1882, alizitoa pesa ndogo za shaba zenye picha ya mizani ili ziingie katikati ya hizo za wageni.

Hoja yangu ni kwamba sarafu ya ajabu inayotokea kwenye chenji, iwe ya zamani au ya nchi nyingine, ni ushahidi, na sisi tunauharibu ushahidi huo kila siku kwa mikono yetu. Tunaitupa kwa kuwa konda kaikataa. Tunaiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Au tunaangukia kinyume chake: tunasikia kwamba ina mamilioni, tunaanza kuichimba na kuitapelia watu. Kati ya kuidharau na kuiabudu hatujajifunza kuiuliza ilikotoka.

Nitaanza na iliyo ya kawaida kabisa. Bibi yangu alikuwa na kopo la biskuti alilotilia vifungo, sindano na sarafu zenye tundu. Naamini wasomaji wengi wa umri wangu wamelelewa katika nyumba yenye kopo kama hilo. Zilikuwa senti moja, senti tano na senti kumi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo kilichoundwa mwaka 1919 na Waingereza kusimamia pesa za Kenya, Uganda, na baadaye Tanganyika na Zanzibar. Tundu lile lilikuwa na kazi yake: watu walizitunga sarafu kwenye uzi wakazifunga kiunoni au shingoni, kwa kuwa wengi hawakuvaa nguo zenye mifuko. Mafundi nao walikuja kuzitumia kama washa za kukazia boliti.

Kwa kuwa katikati pametobolewa, uso wa mfalme haukuwa na pa kukaa. Upande mmoja liliwekwa taji na jina lake likizunguka ukingoni, upande wa pili pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Mwaka 1936 jambo hilo dogo la ufundi lilizaa kitu cha pekee. Edward wa Nane alirithi kiti cha ufalme wa Uingereza mwezi Januari, na Desemba hiyohiyo akajiuzulu ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa amekwisha kuachika. Hakufikisha mwaka. Sarafu za matumizi zenye uso wake hazikuwahi kutolewa kwao Uingereza. Zile chache za majaribio zilizobaki zinauzwa leo kwa fedha nyingi mno. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki hazikuhitaji uso wa mtu. Zilitengenezwa kwa wingi zikiwa na maneno EDWARDVS VIII, zikapakiwa melini zikaletwa kwetu, na mwaka huohuo Zanzibar nayo ikaacha rupia na kuingia kwenye shilingi. Mfalme ambaye Mwingereza wa kawaida hakuwahi kumtia mfukoni, manamba wa mashamba ya mkonge hapa Tanga alimfunga kiunoni akaenda naye dukani kununua chumvi.

Sarafu hizo bado zipo, na kwa kuwa zilikuwa nyingi, si ghali. Ukiona yenye tundu, tafuta mwaka 1936 na usome jina, kwa sababu George wa Tano naye alikufa mwaka huohuo.

Usiishie kwenye jina. Kwenye sarafu za wakati huo, baada ya jina la mfalme kuna herufi ET IND IMP, yaani mfalme huyu ni mtawala mkuu wa India pia. Chukua shilingi ya simba ya mwaka 1946 uilinganishe na ya 1948. Kwenye ya pili herufi hizo hazipo. India ilipata uhuru Agosti 1947, na habari hiyo ikafika kwenye shilingi ya mchuuzi wa Moshi na Kisumu bila tangazo lolote. Na kuna kingine kilichobadilika kati ya sarafu hizo mbili ambacho jicho halikioni: hadi mwaka 1946 shilingi ya simba ilikuwa na robo ya madini ya fedha ndani yake, na kuanzia 1948 haina hata chembe. Vita vya pili vya dunia viliisha Uingereza ikiwa na madeni, na madini hayo ikayaondoa kwenye sarafu zake za nyumbani na za makoloni.

Mwaka 1964, Tanganyika, Uganda na Kenya zikiwa zimekwisha kuwa huru, Bodi ilitoa senti tano na senti kumi zisizo na jina la malkia. Ni sarafu za mpito, za nchi zilizokwisha kumwondoa mtawala lakini bado zinagawana pesa moja. Naziona ni nzuri kuliko zote za kundi lile. Miaka miwili baadaye kila nchi ikawa na benki kuu yake na pesa yake. Yetu ilianza kazi Juni 1966, na sarafu zake za kwanza, alizozichora Christopher Ironside, yuleyule aliyechora sarafu mpya za Uingereza zilizoanza kutumika mwaka 1971, zilikuwa na samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye thumuni na mwenge kwenye shilingi. Upande wa pili alikaa Mwalimu. Leo hakuna kitu dukani cha kununua kwa thumuni. Sungura yule amekwisha kuondoka kwenye chenji, na yuko njiani kuondoka kwenye kumbukumbu pia.

Kwa hizi tulizo nazo sasa, ni watu wachache wanaoweza kukuambia bila kutazama nani yuko wapi: Mzee Mwinyi na kifaru na mtoto wake kwenye hamsini, Mwalimu na swala kwenye mia, Mzee Karume na simba kwenye mia mbili, Karume tena na nyati kwenye jero, sarafu iliyotoka mwaka 2014 kwa sababu noti ya mia tano ilikuwa inachakaa upesi mno mikononi mwa watu. Noti hiyo, pamoja na noti nyingine zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, Benki Kuu iliiondoa kwenye mzunguko mwanzoni mwa mwaka 2025. Tulipewa miezi mitatu ya kuzibadilisha. Tangazo lile lilihusu noti, na hamsini ya mwaka 1996 bado inaruka kwenye kikapu cha muuza maandazi.

Sasa nije kwenye sarafu inayowachanganya watu wengi akili, yaani ya Mjerumani. Kampuni ya Kijerumani iliyotangulia kuitawala nchi hii ilianza kutoa pesa ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu mwaka 1890, pamoja na rupia yenye sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Serikali ya kikoloni ilipochukua jukumu hilo, mwaka 1904 ikaleta hesabu ya mia: rupia moja kwa heller mia moja, na ndizo hizo zilizotuachia neno hela. Heller za shaba nyekundu zinaokotwa mashambani hadi leo, hasa baada ya mvua.

Za mwisho kabisa ndizo zenye kisa. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na Wajerumani wakakosa njia ya kuleta sarafu kutoka kwao. Walichapa noti humuhumu kwa karatasi yoyote waliyoipata, lakini askari na wapagazi walitaka kitu cha chuma mkononi. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kuwa kiwanda cha pesa. Maganda ya risasi na ya mizinga na mabaki mengine ya shaba yakayeyushwa yakawa heller tano na heller ishirini, na dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikafanywa sarafu ya rupia 15 yenye tembo anayenyanyua mkonga mbele ya mlima. Chini ya mwaka kuna herufi T, ya Tabora. Za dhahabu zilitengenezwa takribani 16,000. Za shaba zilikuwa nyingi zaidi, mbaya, zilizopinda kidogo, na kila mhuri mpya ulipochongwa herufi zilibadilika umbo. Septemba mwaka huo Wabelgiji waliiteka Tabora na kazi ikaisha.

Heller ishirini ya Tabora iliyotokea kwenye bati la bibi mmoja wa Urambo au Nzega imepita kwenye mikono ya mtu aliyelipwa kwa kubeba mizigo ya vita ambavyo havikuwa vyake. Wapagazi wengi mno walikufa katika vita hivyo, na wengi wao hawakuandikwa jina popote. Malipo yao yaliandikwa kwenye shaba. Nikimsikia mtu anaiita sarafu hiyo takataka, naudhika kweli.

Naudhika zaidi na matapeli. Katika miji yenye boma la Mjerumani utasikia habari za rupia yenye nguvu, rupia inayosukuma mchele, rupia ambayo mzungu fulani hotelini anaitafuta kwa mamilioni ya shilingi. Kila anayeisikia habari hiyo anaombwa fedha kidogo ya kuipima, ya kuisafirisha, ya kumlipa mganga. Watu wameuza viwanja kwa ajili ya habari hizo. Wengine wamechimba chini ya misingi ya majengo ya kale na kando ya makaburi, wakaacha mashimo. Basi tufanye hesabu hadharani. Rupia ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, na kati ya hizo madini ya fedha ni gramu kama 10.7. Hiyo ndiyo thamani yake ya chini, na inajulikana kwa yeyote anayejua bei ya madini hayo sokoni. Zile za miaka adimu, au zilizobaki safi kabisa, huongezwa bei na wakusanyaji, lakini za kawaida ziko nyingi. Rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ni ghali kweli, na kwa sababu hiyohiyo wanaoighushi ni wengi. Sarafu haina nguvu ya kusukuma mchele. Anayekuambia hivyo anataka fedha yako.

Hali ni hiyohiyo kwa reale ya Maria Theresa. Imeandikwa mwaka 1780, na mtu akiipata anadhani ameshika kitu cha karne ya 18. Malkia yule alifariki mwaka 1780, na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi wakawa hawataki reale yoyote isiyokuwa na sura yake. Ikabidi iendelee kutengenezwa vilevile na kwa mwaka uleule. Ilitengenezwa Vienna, baadaye pia Roma, London, Bombay na Birmingham, na Austria inaitengeneza hadi leo. Reale iliyo mkononi mwako inaweza kuwa na umri wa mama yako. Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu hautoshi kuijua sarafu.

Kinachotosha ni mahali ilipopatikana na vilivyokuwa pamoja nayo. Jambo hili watafiti wa pwani yetu wamelithibitisha zaidi ya mara moja. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba zenye ufundi wa kupendeza: upande mmoja jina la sultani, upande mwingine sifa za Mwenyezi Mungu, na pande mbili zikisomwa pamoja zinaungana kwa vina. Mshairi yeyote wa Kiswahili angejisikia nyumbani. Lakini sarafu hizo hazina mwaka. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana Ali bin al-Hasan aliishi karne gani, mpaka mwaka 1984 ilipopatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 huko Mtambwe Mkuu, Pemba. Karibu zote zilikuwa vijisarafu vya madini ya fedha vya hapahapa pwani, vikiwamo vya Ali bin al-Hasan, visivyo na mwaka. Katikati yake zilikuwamo chache za dhahabu kutoka ng'ambo, za watawala wa Kifatimi wa Misri na wenzao, zenye mwaka. Hizo chache zilionyesha kwamba akiba ile ni ya karne ya 11, na sultani akarudishwa nyuma kwenye zama zake. Wageni wachache kwenye mfuko wa mtu wa Pemba ndio waliowatolea ushahidi wenyeji 2,000. Mtu angeziokota zile za dhahabu peke yake akaziuza kwa sonara, leo tusingejua lolote.

Songo Mnara, ng'ambo ya Kilwa, ilipatikana akiba nyingine ya sarafu za shaba zaidi ya 300, na watafiti wakaona pia kwamba sarafu ziliachwa kwenye makaburi. Kwa kuwa waliandika kila sarafu imelala wapi, tunajua sasa kwamba kwa watu wa karne ya 14 na ya 15 pesa ile ilikuwa na kazi zaidi ya kununua samaki.

Sarafu za Kilwa zimesafiri mbali. Moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, ilipatikana Great Zimbabwe, ilikotoka dhahabu iliyoitajirisha Kilwa kwa njia ya Sofala. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye fukwe za visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na askari mmoja aliyekuwa zamu ya rada wakati wa vita. Alizitia kwenye kopo pamoja na sarafu nne za Kiholanzi alizoziokota hapohapo, na zikakaa humo zaidi ya miaka 30 kabla hajazipeleka kwa wataalamu. Zilifikaje huko hakuna aliyethibitisha mpaka sasa. Lakini askari yule alikuwa na ramani aliyowekea alama mahali alipoziokota, na ni kwa ajili ya alama hiyo watafiti waliweza kurudi ufukweni miongo mingi baadaye. Bila alama ile, zingekuwa shaba tano tu zenye maandishi ya Kiarabu kwenye kabati la makumbusho ya Sydney.

Hilo ndilo ninalolitaka kwetu, na halihitaji fedha nyingi. England na Wales, tangu mwaka 1997, kuna mpango wa watu wa kawaida kuandikisha vitu vya kale walivyoviokota, na hadi leo vimekwisha kuandikishwa zaidi ya milioni moja. Mwenye kitu hanyang'anywi. Kinapimwa, kinapigwa picha, mahali kilipopatikana panaandikwa, kisha mwenyewe anarudi nacho nyumbani isipokuwa kikiwa hazina inayoguswa na sheria. Makumbusho ya Taifa na nyumba za makumbusho za mikoani zingeweza kuanza na meza moja, daftari moja na mtu mmoja siku ya Jumamosi. Mtu wa Handeni aliyepata heller kwenye shamba la mahindi leo hana pa kuipeleka zaidi ya kwa mnunuzi.

Sheria nayo irekebishwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Wakati ilipotungwa huo ulikuwa umri wa miaka mia moja, na ulikuwa mpaka wa busara. Leo mpaka huo umeganda. Sarafu ya Kilwa iliyookotwa ufukweni inalindwa, na kuiuza kwa mtalii ni kosa. Pesa ya Barghash ya 1882, heller ya 1904 na shaba ya Tabora ya 1916 zote ziko nje, ingawa ya mwisho imekwisha kutimiza miaka mia moja na zaidi. Bunge lingeweza kuandika umri badala ya mwaka, likamaliza kazi hiyo kwa kifungu kimoja.

Wakati tunasubiri, kazi ya msomaji ni nyepesi. Usiisugue sarafu ya zamani kwa limau, majivu wala waya wa kusugulia masufuria. Ngozi yake nyeusi au ya kijani ndiyo inayowaonyesha wataalamu iliishi ardhini au mfukoni, na ukishaiondoa umeishusha hata bei. Itie kwenye bahasha ya karatasi, uandike juu yake imepatikana mtaa gani, mwaka gani, kwa nani, na pamoja na nini. Ikiwa ni ya Kenya, Uganda au Oman na umeipata kwenye chenji ya jana, andika vivyo hivyo. Na kabla mnunuzi wa chuma chakavu hajapita mtaani kwenu wiki hii, waulize wazee wa nyumbani zile za kwao walizipata wapi, uandike jibu kwa maneno yao wenyewe.